Programu Nne na Mkanda wa Sendofu Yangu

Mama alipokuja kukaa kwangu mjini likizo ya Juni alileta debe la unga wa ulezi, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kadi ya mwaliko aliyoifungia kwenye pindo la kitenge. Debe na kuku alivitoa hapo hapo mlangoni. Kadi aliitoa siku ya tatu, baada ya chai, akasema nimsomee, ingawa nilijua kabisa ameshasomewa na kila mwenye macho kule kijijini.

Ilitoka Wampembe, chini ziwani, kwa mdogo wake wa tumbo moja, yaani mama yangu mdogo. Binti yake wa mwisho alikuwa anaagwa. Sherehe ilikuwa baada ya majuma matatu, na jina la Mama lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi kunyoosha herufi.

"Utaenda?" nikamuuliza.

"Kwa mtu aliyekataa kunisalimia?"

Wimbo huo nimeimbiwa miaka kumi na miwili, na chanzo chake ni mimi. Si kwa kusema wala kwa kutenda. Ni kwamba ugomvi wao ulizaliwa kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, mimi nimekaa mbele nimepakwa poda hadi masikioni, nisione chochote.

Kwetu Ufipa mdogo akimsalimia mkubwa huchutama, akakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili mlio uwe mzito usiwe wa kelele. Mkubwa huitikia kwa sauti, na mara nyingi kwa makofi pia. Asipoitikia, yule aliyechutama anabaki pale chini kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye watu na hakuna anayefungua. Mjini siku hizi tunapeana mikono na kumaliza kwa shikamoo, lakini Mama hajaja mjini kubadilishwa.

Siku ya sendofu yangu ndugu walipita mbele kwa zamu wakicheza na zawadi zao. Mama mdogo alikuja na kapu la samaki, migebuka iliyokaushwa, kalibeba kutoka ziwani. Kwa maelezo ya Mama, mdogo wake aliweka kapu chini, akasimama, akapita zake bila kuchutama wala kupiga makofi, mbele ya wakwe na mbele ya ukoo mzima. Jioni ile, jikoni, Mama aliwaambia wanawake wenzake, "Ziwa limemla adabu." Alisema kama utani, kwa sababu watu wa juu huku tumezoea kuwatania wanaoolewa chini ziwani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Neno lilimfikia mwenyewe kabla vyungu havijaoshwa, na asubuhi alipanda gari la kwanza bila kuaga.

Tangu hapo walikutana misibani tu, mmoja amekaa mkeka huu, mwingine mkeka ule. Salamu zilipita kwa watoto. Nami niliumia kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, kwa sababu mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni. Aliishi kwetu kabla hajaolewa, akinisuka nywele kila Jumamosi na kunipiga kibao cha shingo nikitikisika. Nampenda sana, na siku niliyoagwa ndiyo niliyompoteza.

"Watu wa jumuiya kule kijijini wananisumbua niende," Mama alisema siku ile ya kadi. "Padre ananisumbua. Wewe macho yako yananisumbua. Basi mkanda si upo? Alikuwepo mtu wa kamera. Tafuta huo mkanda, waone wenyewe alivyonipita. Wakishaona, waniache."

Nikaona hapo pana mlango. Kama mkanda ungemshinda, angekwenda Wampembe. Kama ungemshindia, ugomvi ungepigwa muhuri, na safari hii usingefunguliwa tena, maana ukikataa kumuaga mtoto wa mdogo wako hakuna sherehe nyingine ya kurekebishia. Lakini hakuamini kabisa kwamba ungemshinda, na kusema kweli hata mimi sikuamini.

Mkanda wenyewe ulikuwa DVD, imekaa chini ya mashuka miaka yote, imeandikwa jina langu na la mume wangu ndani ya kopa. Kompyuta mpakato yangu, niliyonunua kwa ajili ya kuandalia masomo, haina mahali pa kuingizia sahani. Nikaipeleka DVD steshenari moja karibu na stendi, wakanihamishia kwenye flashi. Zilitoka faili tano zilizokatwa kwa ukubwa sawa, kama mtu aliyekata nyama bila kujali kiungo kiko wapi. Nikarudi nyumbani nikijua kazi imekwisha. Kumbe haijaanza.

Kwanza nilitumia programu ya kuchezea video iliyokuja na kompyuta. Ni safi, ina rangi nzuri, vitufe vyake vinajificha ukiacha kugusa. Nikafungua faili ya kwanza. Muziki ukalia, picha haikuja. Mama aliweka miwani, akatazama kioo cheusi kwa muda wa wimbo mzima.

"Umeme umekatika humo ndani?" akauliza.

Programu ikaleta maandishi ya upole kwamba kuna kitu inakosa, na kwamba kinauzwa. Mimi sipendi mtu anayeniuzia ufunguo wa mlango wa nyumba yangu. Nikaifunga.

Ya pili niliitafuta mwenyewe mtandaoni, kwa bando langu, kwa kiburi changu. Mwalimu wa kompyuta shuleni kwetu ni kijana mwerevu na angenisaidia kwa dakika tano, ila nilikuwa nimemfokea wiki ile kuhusu ratiba ya mitihani na sikutaka kumwendea mapema hivyo. Nikapakua ile iliyoandikwa ya bure, ina nyota nyingi, inasifiwa kwamba inafungua kila kitu. Ilifungua kweli. Ilifungua na mengine ambayo sikuomba: upande wa kulia matangazo ya kamari, chini tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, na kila ukisimamisha picha linajitokeza dirisha jingine katikati. Tulimwona shangazi yangu akiingia ukumbini akicheza, na juu ya kichwa chake mtu anatuambia tushinde mamilioni.

"Huyu naye alialikwa na nani?" Mama akauliza.

Nilimweleza kwamba programu ni ya bure, na wenye kuitoa bure wanakula kwa kutuonyesha hayo. Akatikisa kichwa akasema bure ya namna hiyo ni heri ulipe. Nikaifuta, nayo ikaniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha ikaacha vijimambo vyake kwenye kompyuta ambavyo nimevikuta hadi majuzi.

Ikabidi nimeze kiburi. Jumatatu nilikwenda shuleni, japo ni likizo, nikamkuta kijana yule kwenye chumba cha kompyuta akipuliza vumbi.

"Shikamoo madam," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na kinyongo, na hilo lilinitia aibu zaidi.

"Marahaba. Nina mkanda wa sendofu haufunguki."

"Umejaribu na ile ya koni?"

Ile ya koni ndiyo programu ambayo alama yake ni koni ya rangi ya chungwa, kama zile wanazopanga mafundi wakichimba barabara. Kila mtu anaijua isipokuwa mimi. Alinipa kwenye flashi, nami namshukuru mpaka leo. Haina matangazo, haiulizi swali, haijali faili imetoka wapi. Ukiipa zote tano inazipanga na kuzicheza mfululizo, zile sehemu zilizokatwa huzisikii hata kidogo. Na sauti inapanda kupita kiwango cha kompyuta. Kwa Mama, ambaye sikio la kushoto limechoka, hiyo peke yake ilitosha kuiita programu ya watu.

Tulikaa sebuleni, yeye amejifunika blanketi kwa ajili ya upepo wa Juni, kompyuta juu ya stuli, tukaangalia mkanda wote tangu mwanzo. Mama alisahau kesi. Alicheka alipoona kofia ya baba mkubwa. Alifanya ishara ya msalaba walipotokea watu watatu ambao tumeshawazika, kila mmoja amebeba sahani ya pilau kana kwamba hana haraka ya kwenda popote. Akamsema mpishi. Akaniambia nilikuwa nimekonda. Mtu wa kamera alikuwa amefuta sauti zote za ukumbini na kuweka muziki, kama walivyofanya wote wakati ule, na kila baada ya muda mfupi alimwaga maua au kuigeuza picha kama ukurasa wa kitabu. Mimi zamani niliona ni ustadi mkubwa.

Kisha akaja mama mdogo. Alikuwa kijana bado, kavaa kitenge cha kijani, kapu kichwani halitikisiki, anacheza kwa mabega tu. Akafika mbele yetu, akainama na kapu. Picha ikageuka ukurasa. Ukurasa ulipomaliza kugeuka, mama mdogo alikuwa ametugeuzia mgongo, anaondoka.

"Umeona?" Mama akasema. "Kaweka kapu, kaenda."

Nikarudisha nyuma. Tukaona tena. Nikapunguza mwendo mpaka muziki ukawa kama ng'ombe anayelalamika. Alikuwa ameinama, hilo lilionekana, lakini mtu anayeweka kapu la samaki lazima ainame. Mikono yake ilikuwa mbele ya kifua, imefifia kama ukungu, huwezi kusema inapiga makofi au inajipangusa magamba. Ile ya koni ina kitufe cha kusogeza picha mojamoja, ila inasogea mbele tu. Ukipitiliza, na mimi nilipitiliza kila mara, unarudi sekunde kadhaa na kuanza upya. Mara ya tisa nilikuwa nimeanza kuitukana.

"Acha," Mama akasema. "Imetosha. Niandikie barua kwa padre, nimpelekee pamoja na mkanda aone."

Hakuwa na furaha alipolisema. Nilidhani mtu akishinda kesi ya miaka kumi na miwili atapiga vigelegele, lakini yeye aliikunja miwani, akasema anakwenda kumtazama kuku.

Kesho yake nikarudi kwa yule kijana. Nilimwambia nataka programu inayokwenda picha mojamoja mbele na nyuma. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa nyingine, nyepesi, ya kijivu, sura yake kama mashine ya ofisi ya kata. Haina urembo wowote. Nikaijaribu pale pale, nikaudhika. Picha ilikuwa mbaya kuliko kwenye ile ya koni. Kila mtu anayecheza alikuwa ameota mistari ya kulala pembeni, kama meno ya kitana.

"Hii ni mbovu," nikasema.

"Siyo mbovu, madam. Kamera za zamani zilikuwa zinachukua picha nusunusu, mistari hii kwanza, mistari ile baadaye. Kitu kikiwa kimetulia, nusu zinalingana. Kikisogea, hazilingani, ndiyo unaona meno. Ile ya koni inayalainisha yenyewe usiyaone. Hii nimeiwekea isilainishe, ila ukitaka unabonyeza hapa."

"Kwa hiyo penye meno pana kitu kinachosogea?"

"Ndiyo. Penye kutulia hakuna meno."

Nilimshukuru, nikatembea nyumbani haraka kuliko inavyompasa mwalimu wa umri wangu.

Mama alikuwa amekwenda sala ya jumuiya ya mtaani kwetu. Nikafungua faili ya tatu, nikafika mahali pale, nikasimamisha. Nikasogeza picha moja mbele. Moja tena. Nikarudi moja. Hii ya kijivu haikunikimbiza. Ilinisubiri kama mke mwenza mpole. Kapu lilikuwa limeshakaa chini, pembeni ya mguu wa meza, halina hata jino moja. Hakuna mkono uliolishika. Na mama mdogo alikuwa bado chini, magoti yamekunjwa sawasawa, mgongo umetulia, kichwa kimetulia. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa na meno. Viganja vilikuwa mbali kidogo, vina meno, vikakaribiana, vina meno, vikakutana, vikaachana tena.

Alikuwa anapiga makofi.

Nilihesabu mara tatu viganja kukutana. Baada ya hapo mikono nayo ikatulia, ikabaki imeshikana, na yeye akabaki pale pale amechutama, uso ameuinua kumtazama Mama. Ukurasa ukaanza kujikunja kutoka kona ya juu, ukimla polepole, na katika kila picha niliyosogeza, mpaka ya mwisho iliyobakisha goti lake tu na pindo la kitenge, alikuwa hajanyanyuka. Alikuwa anangoja kuitikiwa.

Na Mama? Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mapambo, kidevu juu, ametabasamu, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi, mwalimu, niliyekaa sebuleni miaka kumi na miwili baadaye. Alikuwa anaangalia kamera.

Sijui kama naweza kueleza nilichohisi. Furaha ilikuwepo, kwa ajili ya mama mdogo, nikasema kwa sauti "nilijua," ingawa sikujua. Halafu nikaogopa. Mama yangu ni mtu wa haki. Amegombana na nusu ya kijiji kwa sababu ya haki. Leo mkanda aliouita kuwa shahidi wake ulikuwa unamgeuka ndani ya nyumba ya mtoto wake. Nilifikiri nifute ile programu ya kijivu, nibaki na ile ya koni inayolainisha, abaki ameshinda. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Nilichokumbuka ni uso wake alipoikunja miwani jana yake. Yule hakuwa mtu aliyeshinda.

Aliporudi nilimkalisha. Sikumwambia kitu ila habari ya meno: kwamba penye meno pana mwendo, pasipo na meno pametulia. Alinielewa haraka kuliko nilivyomwelewa yule kijana. Nikaweka picha, nikaanza kusogeza.

Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Kapu liko chini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Rudi moja."

Nikarudi.

"Sasa mbele. Mbele. Ngoja hapo." Akagusa kioo kwa kidole. "Kapiga."

"Mara tatu."

"Nyamaza, nahesabu mwenyewe."

Akahesabu. Akanituma mbele na nyuma kama anayepepeta ulezi, akiutupa juu na kuudaka, mpaka kidole changu kikaanza kuuma. Akafika pale ukurasa unapomfunika mdogo wake, akaniambia niende taratibu, ilhali tulikuwa tunakwenda picha mojamoja na hakuna utaratibu zaidi ya huo. Goti la mwisho likapotea.

"Alingoja," akasema.

Kisha akakiangalia kile kiti cha mapambo, akamwangalia mwanamke aliyekikalia, muda mrefu, bila huruma. Akasema yule mtu wa kamera alimwambia ainue kidevu, atazame huku, atabasamu, picha isije ikaharibika. Akakumbuka hata alivyompungia mkono. Akasema, "Nilikuwa najipendezesha." Akavua miwani akalia, kwa sauti ndogo, kwa Kifipa, akimwita mdogo wake jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi nililia pia. Sikuwahi kumpenda Mama kama saa ile, alipoliona kosa lake mbele yangu na asitafute pa kujificha.

Nilidhani tutapiga simu. Akakataa. Akasema neno alilolisema jikoni lilisafiri kwa midomo ya watu, kulirudisha lazima alibebe mwenyewe. Nikamwambia tubebe kompyuta, mama mdogo aone kwamba tumeona. Akaniambia fanya utakavyo, hiyo ni mizigo yako.

Tulishuka Wampembe siku mbili kabla ya sherehe. Tulilala Namanyere, asubuhi tukaingia kwenye gari la mizigo lililokuwa linateremka ziwani na mahindi. Mama alikaa mbele na dereva, mapaja yamefunikwa na ungo wa ulezi, hajasema neno njia nzima ya mteremko isipokuwa mara moja kumwambia dereva apunguze. Mimi nilikuwa juu ya magunia, nimekumbatia mkoba wa kompyuta, na ile ya kijivu nimeshaifungua mahali penyewe, iko tayari. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kueleza habari ya meno ya kitana.

Mama mdogo alikuwa uani na wanawake wengine, wanachambua mchele. Alipotuona alisimama, ungo mkononi. Amezeeka. Nywele zote nyeupe, na mimi niliyesukwa na mikono yake kila Jumamosi nilikuwa sijaziona kwa karibu tangu zikiwa nyeusi.

Mama alimpa mtu mzigo wake. Akatembea mpaka katikati ya ua, na mbele ya watu wote, yeye mkubwa, mwenye magoti yanayomsumbua kila masika, akachutama kwa mdogo wake akapiga makofi.

Wanawake waliacha mchele. Jambo hilo halifanyiki. Mama mdogo alibaki amesimama, mdomo wazi, kisha akatupa ungo akachutama haraka, chini kuliko Mama, maana hawezi kuwa juu ya dada yake aliyechutama. Mama akashuka zaidi. Mama mdogo naye akashuka. Walishindana kwenda chini namna hiyo, wazee wawili, mpaka wote wakakosa pa kushukia wakaketi mchangani, miguu wameinyoosha mbele kama watoto, mchele umemwagika kati yao.

"Neno lile nililisema mimi," Mama akasema.

"Lilinifika."

"Na siku ile sikukuona. Nilikuwa natazama kamera."

"Najua, dada," mama mdogo akajibu. "Nilikuwa hapo chini nakutazama, naona kabisa hunioni. Ningekuita mara moja tu ungegeuka. Niliona aibu kupaza sauti mbele za wakwe."

Nilisimama na mkoba wangu begani. Nasema kweli, nilikasirika. Miaka kumi na miwili, misiba mitano, programu nne, bando zima, na huyu alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Nilitaka kuwafokea wote wawili kama ninavyofokea kidato cha pili. Nikamwona mama mdogo anaokota punje za mchele kwenye sketi ya Mama, mojamoja, na Mama amemwachia. Hasira ikaniishia, nikakumbuka kwamba katika kuwatazama wao nimesimama tu kama mti, mama yangu mdogo yuko mbele yangu na sijamsalimia. Nikaweka mkoba chini, nikachutama, nikakutanisha viganja.

Aliniitikia kabla sijapiga kofi la tatu.